Darubini Nyepesi ya Amondi

Jumatatu, 16 Februari 2026

Amondi anataka darubini. Si ya kutazama ndege. Ya nyota! Ijumaa ni siku yake ya kuzaliwa, na mke wangu, nesi ambaye kila mwaka huomba viatu visivyomuumiza kazini, mwaka huu ameomba darubini. Isiwe ya bei kali. Iwe rahisi, ya mtu anayeanza. Na zaidi ya yote iwe nyepesi, aweze kuibeba mwenyewe.

Kuibeba wapi? Ua wetu hapa mtaa wa West Indies unaanzia mlangoni. Ukitoka umefika. Nilipomuuliza alisema, "Aah, wewe nunua tu."

Mimi ni msimamizi wa stoo ya mbolea. Kazi hiyo imenifunza jambo moja: kitu kizito hukaa, kitu chepesi hutembea. Mtu akitaka kitu chepesi, ana mahali pa kukipeleka.

Jumanne, 17 Februari

Nimepajua mahali penyewe! Kwa Murunga, mwalimu wa fizikia. Anaishi mtaa huu huu, geti la bluu, na anaimba besi katika kwaya ya Amondi. Leo Amondi, akikata sukuma wiki bila hata kuficha uso, amesema Murunga ndiye aliyemweleza kwamba lenzi ya milimita sabini inamtosha anayeanza.

Milimita sabini! Tangu lini mambo ya kwaya yakapimwa kwa milimita?

Nimecheka kama mtu asiyejali. Halafu nimeenda bafuni nikafikiri.

Jumatano, 18 Februari

Nimepita mjini katika duka la Jepchumba, anayewauzia wanariadha saa za kupimia mbio, na pia huuza kamera na darubini. Nikasema namnunulia rafiki. Jepchumba akaniambia nisidanganywe na maboksi yanayojisifu kwamba yanakuza mara mia tano. Cha kutazama ni upana wa lenzi. Milimita sabini inatosha. Stendi isiyotikisika. Na iwe nyepesi, kwa sababu darubini nzito hutazama nyota wiki moja, kisha inageuka meza ya kuwekea maua.

Sabini. Nyepesi. Maneno yale yale ya Amondi na Murunga! Nani amemfundisha? Nilimuuliza kwa ujanja kama anaimba kwaya. Akasema yeye ni wa kanisa lingine. Jibu lilikuja haraka mno.

Akanipa ndogo niishike. Nilihisi nimeshika kuku. Mwanamke anaweza kuvuka mtaa mzima na kitu kama kile bila kuhema! Nikairudisha na kutoka.

Mpango: nitanunua darubini, kwa kuwa mimi si mume mbaya. Lakini nitanunua darubini ambayo haiendi popote.

Alhamisi, 19 Februari

Siku ya ushindi! Kazini nimesema naumwa tumbo. Dereva wetu alikuwa amenidokeza kuhusu mtu wa Kaptagat anayefunga gesti yake na kuuza vyombo. Kati ya vitanda na masufuria kulikuwa na darubini ya zamani, bomba la chuma refu kuliko mimi, juu ya mguu mmoja mnene wa chuma. Tuliinyanyua watu wanne. Mmoja alimtaja Mungu.

Mwenyewe alinipunguzia bei kabla sijaomba. Akasaidia kuipakia kwenye pikapu ya kukodi. Tulipotoka alifunga geti na kutia kufuli. Furaha yake niliitilia shaka, lakini muda ulikuwa mfupi.

Amondi akiwa bado kazini, nimechimba shimo katikati ya ua, nikakoroga simiti na kokoto, nikausimika mguu kwa msaada wa vijana watatu wa mtaani. Sasa Murunga aje na trekta!

Amondi amerudi jioni, akakuta kitu kimefunikwa turubai. Nimemwambia asiguse, ni zawadi. Ametazama ukubwa wa turubai, akanitazama mimi, akaingia ndani. Nadhani ni furaha.

Ijumaa, 20 Februari

Simiti imeshika. Imeshika kila kitu, hata pale bomba linapogeukia, kwa sababu nilimimina kwa moyo mpaka juu ya mguu. Darubini sasa inatazama upande mmoja tu.

Giza lilipoingia nimemwita Amondi, nikavuta turubai, nikainama kutazama kwanza ili nihakikishe. Nikaona kitu kikubwa, cheusi, chenye mbavu. Nikapiga kelele kwamba nimeona sayari! Amondi naye akainama. Akakaa hivyo kidogo. Akasema ni tangi la maji la jirani.

Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Aligusa simiti kwa ncha ya kiatu, akasema polepole, "Isaiah, nilikuomba kitu kimoja. Chepesi."

Tumekula keki. Nilitaka kumuuliza habari za Murunga, lakini macho yake yalikuwa mekundu, nikamkatia kipande kingine.

Jumamosi, 21 Februari

Amondi ametoka mjini na boksi kwapani. La duka la Jepchumba. Amejinunulia mwenyewe!

Jua lilipozama akaweka darubini begani, akasema anarudi sasa hivi, akatoka. Nikamfuata, nikitambaa kando ya ua wa majirani, ule wa kayaba yenye miiba. Moyo ulinipiga kama kinu cha posho. Geti la bluu hilo hapo. Akalikaribia.

Akalipita! Hata hakugeuza shingo.

Akaingia kwa Mzee Wahome, yule aliyekuwa na duka la vipuri. Alivunjika nyonga kabla ya Krismasi, na tangu wakati huo dunia yake ni kitanda na kiti cha barazani. Amondi humbadilishia bandeji akitoka zamu. Nilijisogeza ndani ya kayaba nione vizuri, na kayaba ikanishika shati, suruali na sikio.

"Nani huyo kwa fensi yangu?" Mzee Wahome akafoka.

Amondi hakugeuka hata kidogo. "Ni mzee wangu," akasema. "Mwambie apitie kwa geti kama watu."

Nikapitia kwa geti. Hapo ndipo nilipoelezwa. Mzee Wahome alimwambia Amondi kwamba kitu pekee kinachomjia pale barazani ni anga, na macho yake hayafiki. Ndiyo maana iwe nyepesi. Hakunieleza kwa sababu, alisema, ningeuliza maswali mpaka nyota zizime.

Mzee akatazama Jupita. Akavua kofia. Kisha nikapewa zamu mimi. Kiduara kidogo cheupe, na pembeni yake vijidoa vinne kwa mstari mmoja, kama shanga. Amondi akanong'ona kwamba ile ni miezi yake. Nilisahau kupumua. Nilisahau hata miiba.

Njiani nikamwomba msamaha, kwa darubini, kwa simiti, na kwa Murunga. Kwa Murunga ilibidi nianze kwa kueleza. Alicheka mpaka akashika ukuta wa watu. Halafu akanipa darubini nibebe.

Naandika hapa kwa mkono wangu: sitamshuku tena binadamu yeyote.

Jumapili, 22 Februari

Tumerudi kwa Mzee Wahome jioni hii. Anga safi. Jupita ipo mahali pake. Nikahesabu vijidoa. Vitatu.

Nikafuta lenzi, nikahesabu tena. Vitatu!

Amondi anasema mmoja umepita nyuma ya Jupita, utatokea tu. Anasema hata Murunga ataniambia hivyo. Inawezekana. Mimi sibishani na mtu.

Lakini jana, wakati tunaondoka, vilikuwa vinne, na aliyetazama wa mwisho ni Mzee Wahome. Simtaji mtu kwa ubaya. Nasema tu kwamba blanketi analofunika magoti ni kubwa sana kwa mtu asiye na cha kuficha.