Ombi la Kurudishiwa Eshapema ya Kinama

Kinama, Jumatano

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kituo cha Kukagua Magari,
Bujumbura

Mheshimiwa Muzee,

Pokea salamu zangu na za mke wangu Houda. Yeye ndiye aliyenikataza kukuandikia nikiwa na hasira, basi nimekunywa chai kwanza, vikombe viwili, na hasira ingali palepale. Jina langu ni Faridi, dereva wa taksi, mwenye Corolla nyeupe ambayo siku hizi si nyeupe sana. Nakuandikia juu ya yaliyonipata jana kituoni kwako mikononi mwa mkaguzi wako, Madamu Médiatrice. Alininyima cheti cha gari na, baya zaidi, akatunyang'anya eshapema.

Ngoja nieleze, maana nyinyi wa ofisini mmezoea kila gari kuwa na bomba lake la moshi. Sisi huku Kinama tunayo eshapema ya wote. Ilitoka kwenye gari iliyokufa kule Gasenyi, na fundi wetu Cirimwami, mutu wa Bukavu mwenye mikono ya baraka, akaiokoa ikiwa nzima kabisa, haina hata tundu la sindano. Magari kumi na moja yanaitegemea. Inalala uvunguni mwa kitanda cha Cirimwami, imefungwa kitenge. Siku ya ukaguzi ikifika, mwenye zamu anakwenda na kilo ya sukari kwa heshima, Cirimwami anaifunga kwenye gari, gari inapita, eshapema inarudi kulala.

Jana, kwa bahati mbaya, zamu zilikuwa mbili. Mwenzangu Maxime alipita saa mbili asubuhi. Tukaihamisha nyuma ya ukuta wa kituo chako, haraka haraka, ikiwa bado ya moto hata Cirimwami akaungua vidole, na saa nne nikaingia mimi. Madamu akainama chini ya gari yangu na tochi yake. Akaimulika eshapema. Kumbe asubuhi alikuwa ameiandikia kwa chaki: neno "Sawa", tarehe, na sahihi yake. Tulisahau kufuta! Watu wazima watatu, wenye akili zetu timamu, na hakuna aliyekumbuka kitambaa.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Madamu anabishana na mwandiko wake mwenyewe. Saa mbili aliandika kwamba eshapema ni sawa. Saa nne eshapema ni ileile, chaki ni ileile, na mkaguzi ni yuleyule, lakini eti si sawa tena. Je, Muzee, ofisi ikiandika jambo, linadumu muda gani? Ninazo hati za kiwanja zenye sahihi ya ofisi. Sasa naogopa hata kuzifungua nizitazame.

2. Alinitupia methali. Alisema, mbele ya madereva wote na mama anayeuza maandazi, kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Mimi nina umri wa baba yake. Na methali yenyewe haikuwa na ukweli, kwa sababu nguo hii imesitiri matako ya magari kumi na moja kwa miaka minne, na hakuna aliyeona kitu.

3. Kuna ubaguzi. Kituoni kwako, ile chupa nyekundu ya kuzimia moto inatembea kwenye foleni kutoka dirisha hadi dirisha, gari ya mbele ikimaliza inaipasia ya nyuma, na Madamu huipisha kama mgeni wa heshima. Jana yeye mwenyewe aliniambia nifanye haraka nimpe wa nyuma yangu! Pembetatu ya kuweka barabarani nayo tunaazimana. Gurudumu la akiba tunaazimana. Kwa nini eshapema peke yake ndiyo ionekane mwizi? Harusi zetu zote zinafanyika kwa viti vya jirani, sufuria za jirani na koti la shemeji, na sijasikia shehe akiinama chini ya kiti kutafuta jina la mwenyewe kabla ya kufungisha ndoa.

4. Eshapema ile ina uzoefu. Imekaguliwa mara nyingi kuliko gari yoyote ninayoijua, na haijafeli hata mara moja. Mtoto akifaulu mitihani kila mwaka kwa miaka minne, anapewa shahada. Sisi wetu amefaulu, na sasa amefungiwa stoo pamoja na matairi mabovu. Kwa maoni yangu cheti kingeandikwa kwa jina la eshapema moja kwa moja, nasi wengine tutembee chini ya kivuli chake.

5. Madamu ameidharau eshapema yangu ya asili, ambayo nimelazimika kuirudisha ili nifike nyumbani. Nakiri imezeeka. Gari ikisimama siku nne kwenye foleni ya esansi pale kituo cha mafuta, kutu nayo inapata nafasi ya kufanya kazi. Tundu moja Cirimwami aliliziba kwa kopo la nyanya na waya, na jingine liko chini ya kiti cha nyuma, halisumbui mutu. Madamu alisema gari inapiga kelele. Inapiga, ndiyo! Kwa sababu hiyo tangu mwaka jana sijamshtua mbuzi hata mmoja, wala mwendesha baiskeli, wala mama mwenye ndoo kichwani: wote wananisikia nikiwa bado kona ya tatu. Wateja hawapotezi kredi ya simu kuniita. Houda anaweka sufuria ya wali mekoni nikipita sokoni, na nikifika umeiva. Na huo moshi unaoingia kidogo ndani, abiria wakinilalamikia, nawauliza: ni nani kati yenu aliyewahi kuumwa na mbu ndani ya gari hii?

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, Muzee, na hapa naomba unisome polepole. Jumapili hii namuoza binti yangu Fatouma. Mume wake yuko Mutanga Nord, ni kijana mzuri, sina neno naye. Fatouma nilimtoa hospitali ya wazazi na siku mbili tu za uhai wake, ndani ya gari hiihii, amelala mapajani mwa mama yake kwenye kiti cha nyuma. Alipokuwa darasa la sita nilimwahidi kwamba siku ya harusi yake hatapanda gari ya kukodi, nitamwendesha mimi. Watu walisikia. Wakwe wamesikia. Bila cheti, polisi watanisimamisha njiani, gari itachukuliwa, na binti yangu atashuka barabarani na hina yake na shela yake, kila mutu akitazama. Mimi siwezi hilo. Kusema kweli hata kuliandika kunaniuma.

Kwa hiyo naomba moja kati ya haya. Mturudishie eshapema kabla ya Ijumaa, saa sita, ili Cirimwami aifunge nami nirudi kwa Madamu mikono ikiwa safi na chaki ikiwa imefutwa. Au, kama hilo ni gumu, mnipe cheti cha siku moja tu, Jumapili, kwenda na kurudi. Au, kama nalo ni gumu, Madamu Médiatrice mwenyewe apande kiti cha mbele, awe mgeni wetu, na polisi wakitusimamisha awaonyeshe uso wake, maana nimeuona na najua utatosha. Pilau ipo. Hatutamuuliza viatu vyake ni vya nani.

Nisalimie wote wa kituoni: mlinzi aliyejifanya haoni tulipokuwa nyuma ya ukuta, Mungu amzidishie, mama wa maandazi, vijana wa karatasi na mihuri, na Madamu pia, ambaye sina chuki naye, ila methali tu.

Ni mimi, mwenye kusubiri eshapema yetu na huruma yako,

Faridi, dereva, Kinama

Nyongeza, Alhamisi jioni:

Muzee, barua hii nilikuwa sijaituma. Leo mchana nilimpeleka Fatouma kwa fundi wa nguo, na wakati wa kurudi alikaa nyuma na gauni lake. Tulifunga vioo vyote ili vumbi lisiliguse. Akasinzia. Mimi nikamtania njiani kwamba bibi arusi gani huyu anakoroma. Tulipofika nilimwita mara tatu. Mara ya tatu sikumwita, nilipiga kelele. Alifungua macho, akashuka, akashika ukuta akatapika, akasema kichwa kinampasuka. Sasa hajambo, mama yake yuko naye, wanacheka. Mimi bado sijacheka.

Cirimwami alikuja akanyanyua kile kiti. Chini yake sakafu imeliwa na kutu, na nilipowasha gari moshi ulipanda pale pale anapokaa mutu. Kwa miaka minne hakuna mkaguzi aliyeliona tundu lile, kwa sababu kila aliyeinama tulimwonyesha eshapema nyingine.

Basi usiturudishie, Muzee. Usinipe mimi. Maxime atakuja kesho na mke wake kuiomba kwa niaba ya wote, watalia, usiwape. Yule anabeba watoto wa shule kila asubuhi, na chini ya kiti chake hatujui kuna nini. Mwambie Madamu aikate vipande viwili, kisha atuite wote kumi na moja, atukague upya mmoja mmoja, na aanze na mimi.

Jumapili Fatouma atapanda gari ya kukodi. Nimeshamwambia, na wakwe nimewaambia. Nitakaa nyuma pamoja naye, na kioo cha upande wake nitakishusha mwenyewe mpaka chini.