Mwani, Kisu na Kidole Changu

Jamani, leo nimeaibika mbele za watu, na ninawaandikia mapema kabla habari haijawafikia huko Kwale kwa midomo ya wengine.

Mnajua mimi ni dresa, mfunga majeraha, hapa zahanatini, mwaka wa sita huu. Na mnajua daktari wetu hunituma pwani kuokota mwani (ndiyo, ule mlionichekea). Tunauchemsha kwa magadi, tunauchuja, kisha uji wake tunaumimina katika maji ya chokaa. Unaganda, unakuwa nyuzi nyeupe. Nyuzi hizo zikiwekwa kwenye jeraha huzuia damu. Mpaka jana tulikuwa tumezijaribu kwa mbuzi mmoja tu.

Asubuhi, daktari akiwa safarini Shimoni, aliletwa Mzee Bakari, fundi wa mashua. Shoka limemteleza, limempasua muundi. Mkewe, Bi Mwanaisha, alikuwa amemfunga kwa kanga mbili, na zote zimelowa. Nikaweka pamba. Ikalowa. Uso wa mzee ulianza kupauka, nami niliogopa kweli.

"Shikamoo, mzee. Nina dawa mpya, ya mwani."

"Marahaba. Mwani?" Akavuta mguu. "Mwanangu, takataka ile ya pwani uitie ndani ya nyama yangu? Niache nife na heshima yangu."

"Mume wangu, mkubalie," Bi Mwanaisha alimsihi huku machozi yakimtoka. Mzee akageukia ukutani.

Basi nikaona nimwonyeshe. Nikashika kisu, nikasema kwa sauti ya khatibu (sijui niliitoa wapi): "Tazama, mzee. Ninajikata kidole, ninaweka mwani, damu inasimama. Bismillahi!"

Nikakata. Nikapitiliza. Damu ikaruka! Miaka sita nimefunga majeraha ya watu bila kupepesa jicho, lakini hii ilikuwa yangu. Nikaona dari inanishukia taratibu. Nikasikia mtu akipiga shahada (nadhani ni mimi).

Nilipozinduka, nilikuwa nimelazwa kwenye kitanda cha mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe ameketi sakafuni, mguu juu ya ndoo, ananipepea kwa kofia yake!

"Imesimama?" akauliza.

Bi Mwanaisha, ambaye ndiye aliyenifunga zile nyuzi, aliinua kidole changu akamwonyesha. Nyuzi zilikuwa zimelainika kama ute. Damu haikutoka tena hata tone.

Mzee akamnyooshea mkewe mguu.

"Haya, nami niwekeni. Lakini aweke mke wangu. Wewe tazama dirishani."

Nikatazama dirishani, nikawa ninamwelekeza Bi Mwanaisha kwa mdomo tu. "Bonyeza, mama. Usiachie." Hakuachia. Kabla ya adhuhuri damu ilikatika. Sasa mzee amelala, anapumua vizuri, alhamdulillahi. Mimi nilitoka, nikaenda nyuma ya jengo, nikalia kidogo.

Kisha Bi Mwanaisha akasimama mbele yangu mpaka nikaandika katika daftari kwamba leo wametibiwa wagonjwa wawili. Nimeandika. Atakayecheka, siku akijikata asije kwangu.