Mifumo Miwili, Kiti Kimoja

Jumatatu, 3 Machi
Nimechoka. Kompyuta moja, wenyewe wawili. Mke wangu ni mwalimu. Alama zote za muhula zimo humo, na ripoti zinatakiwa Ijumaa. Nikigusa tu mchezo wangu wa karata, naambiwa wanafunzi kwanza. Leo kazini karani wa stoo, tunayemwita Profesa, kajigamba kuwa kompyuta yake ina mifumo endeshi miwili. Ukiiwasha, inakuuliza unataka upi. Moyo ukaruka! Mke na wake, mimi na wangu. Profesa kasema kazi hiyo si ya kila mtu. Tutaona! Nimeazima flashi yake yenye mfumo wa pili na kitabu chake cha maelekezo.

Jumanne, 4 Machi
Nimemweleza mke. Kasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kisha akauliza, mifumo miwili sawa, ila kiti ni kimoja, atakaa nani? Nikasema hayo ni mambo ya kitaalamu. Kakubali, kwa sharti alama zisiguswe. Zikiguswa nitahamia kwa mama. Mama yangu, si yake.
Nimempigia shemeji, kaka yake, fundi wa kompyuta na mtu wa maringo. Kanieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kusoma: kabla hujagusa chochote, toa nakala ya kila kitu. Nikamjibu najua. Akarudia. Mtu huyu ananichosha.

Jumatano, 5 Machi
Nimepita kwenye duka la fotokopi. Kitabu cha Profesa, kurasa kumi na nne, nimetoa nakala ya kila kitu, hata jalada. Tena mbili mbili, nisije nikalaumiwa. Mhudumu akauliza za nini. Usalama, nikamwambia. Kitabu chenyewe nikakirudisha.
Jioni, kazi. Nimechomeka flashi, nimechagua lugha ya Kiswahili ili nijue ninachosoma. Mambo yakaenda vizuri hadi ukurasa wa tisa, ule wa kugawa diski. Umetoka mweusi tii! Nakala zote mbili! Kompyuta ikauliza kama nifute diski. Usafi haujawahi kumdhuru mtu. Nikapangusa vumbi kwa kitambaa, nikabonyeza ndiyo.

Alhamisi, 6 Machi
Imewaka bila kuuliza chochote. Mfumo ni mmoja, wangu. Wa mke haupo. Alama hazipo.
Shemeji kaitwa. Akauliza nakala iko wapi. Nikamletea zote mbili, zimebanwa pini vizuri. Akazitazama. Akavuta kiti, akakaa. Akafungua ukurasa wa tisa, akafunga.
Mke hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Aliketi kitandani, macho mekundu, akasema miaka kumi na moja hajawahi kuchelewesha ripoti. Nimejisikia vibaya sana. Shemeji kaurudisha mfumo wa dada yake, lakini alama zimekwenda na maji. Bahati zimo kwenye daftari lake la mkono. Wanafunzi mia moja na arobaini, masomo tisa. Mchapaji ameshateuliwa.

Ijumaa, 7 Machi
Mwalimu mkuu kamwongezea mke muda hadi Jumatatu asubuhi. Alipoelezwa sababu alimpa pole kwa mikono miwili, kama mfiwa. Mimi nachapa. Vidole vimevimba. Kuna mtoto kapata mbili katika hesabu na nimemwelewa kabisa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemaliza! Mgongo umekufa. Shemeji kaweka alama zote kwenye flashi yake, kaifungia kwenye droo, kanishika bega: hii, shemeji, hii ndiyo nakala. Nimeelewa. Mimi si mjinga. Mke kanichekea kidogo, mara ya kwanza tangu Jumatano. Daftari kalirudisha shule.

Jumapili, 9 Machi
Mke na kaka yake wamekwenda kumjulia hali shangazi yao. Nyumba kimya. Nimetafakari sana. Kosa langu lilikuwa ukurasa wa tisa, basi. Profesa kanipa mwingine, unasomeka vizuri. Mfumo wake kanitumia pia kwa mtandao, ila flashi safari hii kaninyima, ana wivu. Hapa nyumbani flashi ni ile ya droo tu. Ufunguo nimeupata.
Kompyuta inasema flashi lazima ifutwe kwanza. Haya. Alama si zimo kwenye kompyuta, tena nimezichapa mwenyewe? Flashi imeshafutwa. Sasa kompyuta inauliza tena habari za kufuta diski.