Wodi Iko Nyuma ya Wasaidizi Wangu

Waheshimiwa mlioketi, waheshimiwa mliokosa viti, wawakilishi wa waheshimiwa walioshindwa kufika, Mbeba Mkoba wangu Mkuu, Mshika Mwavuli wangu, Mchekaji wangu wa Kwanza (kicheko kimoja, kisha vingine vinafuata), na nyinyi wananchi mliosimama juani kwa hiari yenu: salamu!

Nimekuja kufungua wodi ya wazazi, mradi wa kimkakati, jumuishi, shirikishi na wa kidijitali, ambao kwa mujibu wa ripoti niliyosomewa garini umekamilika kwa asilimia mia moja na nne. (Mpiga Makofi wangu anaanza, wengine wanamfuata.) Wapo wanaonung'unika kwamba natembea na watu wengi. Jamani! Mlitaka nitembee na nani, mbuzi? Hawa ndio macho yangu. Nikiuliza, "Barabara ikoje?" wananijibu, "Safi, Mheshimiwa." Na kweli sijawahi kukanyaga shimo, maana hunibeba juu juu.

Leo wamejipanga bega kwa bega mbele ya jengo kwa sababu, wameniambia, rangi bado mbichi. Na watazameni wale wawili walivyoushikilia mlango! Tangu asubuhi hawajauachia, huo ndio uzalendo. (Mkunga: "Mheshimiwa, fupisha. Mama huyu uchungu umembana.") Nakusikia, dada yangu, na ndiyo maana tumemwalika yeye awe wa kwanza kulala kwenye kitanda kipya, asijifungulie sakafuni koridoni kama wenzake. Nimefika ukurasa wa tatu tu. (Mkunga: "Mtoto hajui kurasa, baba!" Wananchi wanacheka bila kuongozwa na mtu.)

Haya, haya, nakata utepe! (Anakata. Mkunga anamshika mama mkono, anasukuma mlango, wanapita.) Mbona unarudi, dada yangu? Wodi umeionaje? ("Ina hewa nyingi, Mheshimiwa. Haina ukuta.") Wasaidizi, sogeeni nione. Nimesema sogeeni! (Wanasogea. Nyasi tupu. Mbuzi mmoja anainua kichwa.)

(Mama anapiga ukelele. Mkunga: "Nyie mliozoea kuzunguka watu, njooni mzunguke hapa! Migongo kwetu! Makoti chini! Lete huo mwavuli!" Wanakimbia wote, hadi Mchekaji wa Kwanza. Mlango unaanguka.)

Ndugu wananchi, naona... naona ukuta umepatikana. Nani ana ukurasa wangu wa mwisho? Jua linaniunguza, jamani! Wewe wa mwavuli! (Mtoto analia. Makofi makubwa, ingawa Mpiga Makofi ameshika beseni la mkunga.)

Wodi oyee! (Kimya.) Mtoto oyee! ("Oyeee!") Basi nahitimisha kwa kumshukuru seremala aliyetuazima mlango, ambaye naona amekuja kuuchukua, na wasaidizi wangu kwa kusimama leo mahali pa wodi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuijenga. Mimi nina aibu, na sina wa kunishikia. Asanteni sana. Sasa, tafadhali, mmoja wenu anirudie, hata yule wa mkoba. Au basi nielekezeni tu: gari langu liko upande gani?