Samaki wa Bwawa la Mwisho

Jumanne, 14 Januari

Mvua tangu alfajiri. Mimi, Teófilo Ancalle, msimamizi wa mitaro yote ya mgodi huu, nimepanda kazini na kukuta msiba. Samaki wanne wanaelea matumbo juu!

Kazi yangu si ngumu, ndiyo maana sielewi kwa nini inanishinda. Mtaro wa juu unakinga maji ya mvua yapite pembeni ya lundo la mawe ya mgodi, yashuke mtoni yakiwa safi. Mtaro wa chini unadaka yale yaliyojipenyeza ndani ya lundo, yakatoka mekundu na makali. Hayo tunayatia chokaa kwenye bwawa kubwa, yanatulia, kisha yanapita bwawa la mwisho, lenye samaki kumi aina ya trauti. Wageni wa kijijini wakiwaona hai, wanakunywa chai ya majani ya koka na kwenda zao.

Sasa wamebaki sita, na kamati ya maji inakuja Jumamosi. Mwenyekiti ni Doña Saturnina. Mama mkwe wangu! Anafuga trauti huko chini kwa maji ya mto huohuo. Miaka kumi na moja anangoja nikosee mbele za watu.

Jumatano, 15

Nélida, fundi wa vipimo, amenionyesha unyevu mpya chini ya lundo. Amesema maji yanayovuja yameongezeka, chokaa haitoshi, mhandisi wa mgodi aambiwe leo. Nikamwahidi nitamwambia mwenyewe. Sikumwambia. Kamati iondoke kwanza, Jumapili si mbali.

Mchana nikashuka kwa mama mkwe kuomba samaki wanne. Nikasema Domitila, mke wangu, ana hamu ya supu. Akauliza tangu lini, maana samaki humtoa binti yake vipele tangu utotoni. Nikasema vimekwisha. Akafurahi kweli, masikini. Akachagua wanono, akaniongezea na viazi. Nilijisikia vibaya mpaka kona ya pili ya kupanda mlima.

Alhamisi, 16

Wawili kati ya wale wanono wamekufa kabla ya chakula cha mchana. Nikakaa juu ya jiwe nikatafuna koka, nikafikiri. Na jibu likaja! Maji safi si yale pale, yanapita bure kwenye mtaro wa juu? Dakika ishirini za jembe, ukingo nimeutoboa, mvua inaingia moja kwa moja bwawa la samaki. Wanane wote wanachezacheza. Nélida ana shahada, mimi nina akili.

Desturi ni kuuomba mlima ruhusa kabla ya kuchimba, lakini nilikuwa na haraka. Nikaumwagia chicha, pombe yetu ya mahindi, baadaye. Nusu kikombe. Nusu nikanywa.

Ijumaa, 17

Mvua ya mawe. Tobo langu limekuwa mlango wa kanisa. Ukingo ukaendelea kukatika mpaka juu ya bwawa la chokaa, mtaro wote ukabomokea humo, likafurika upande wa mto, maji mekundu yakashuka. Bwawa la samaki halikuguswa.

Nélida alikimbia kupiga king'ora ili watu wa chini wafunge maji yao. Mimi nilikimbia kuficha jembe. Naandika haya kwa sababu hapa hasomi mtu.

Jumamosi, 18

Kamati imekuja. Mama mkwe amekuja na beseni lililofunikwa kitambaa. Hakusalimia. Akawatazama samaki wangu wanane wakiogelea, kisha akafunua. Trauti wake, wamejaa beseni zima. Alichelewa kufunga maji.

Akaniuliza taratibu, "Mkwe wangu, maji yaliyowaacha hawa hai ndiyo yaliyowaua wangu?"

Nikasema, "Hawa wameshazoea, mama."

Hakuna aliyecheka. Yeye akaketi chini, kwenye tope, na beseni mapajani. Sijawahi kumwona ameketi akiwa na watu wa mgodi. Hapo nikashindwa. Nikasema yote: tobo, supu, vipele, ahadi niliyompa Nélida. Niliona aibu. Mhandisi akaninyang'anya mitaro palepale. Ni haki. Sitadanganya tena kuhusu maji.

Jumanne, 21

Nélida amesema mtu aliyekiri mbele ya watu anastahili kazi ndogo. Nimepewa kipimo chake kimoja, cha ukali wa maji. Kila asubuhi nakichovya mahali maji yanapoingilia kwa mama mkwe na kuandika namba ubaoni. Ikifika saba, maji ni salama, mama mkwe atie vifaranga wapya wa samaki waliotolewa na mgodi. Chini ya hapo, watakufa.

Leo kipimo kimesema tano.

Lakini vifaranga walikuwa wameshafika, ndoo tatu, wanahema juujuu. Mama mkwe alisimama kando yao amekunja mikono ya sweta, macho yake kwangu. Ametabasamu kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Akasema, "Vipi, mwanangu?" Miaka kumi na moja hajawahi kuniita hivyo.

Nimeandika saba. Mvua imepungua, maji yanasafika yenyewe. Mpaka jioni yatakuwa saba tu.