Kiwiko cha Ukuta wa Tuttle

Jumatatu, 8 Julai

Wanataka kuniziba dirisha! Bwana Hasbrouck, meneja mpya wa timu yetu ya besiboli, Manyigu, kaja mwenyewe mpaka barazani, tai shingoni, na joto lote hili. Anasema kuna watu wa magodoro wanataka kusimamisha bango juu ya ukuta wa uwanja, pale unapopinda nyuma ya nyumba yangu. Futi kumi na mbili! Nikamuuliza, na mimi nitatazama nini, mgongo wa godoro? Akasema bado wanafikiria tu.

Nitampa cha kufikiria.

Kiwiko kile ni cha ukoo wetu. Walipojenga Uwanja wa Tuttle, baba mkwe alikataa kuuza kiwanja chake. Basi ukuta ukaja umenyooka, ukafika kwetu, ukajikunja, ukatuzunguka, ukaendelea na safari. Mpira ukinasa kwenye mpeasi wangu, mpigaji hupewa vituo viwili kati ya vinne vya kuzunguka, si zaidi. Refa hulisema hilo kabla ya kila mechi, mbele ya makocha wote wawili. Miaka hamsini na moja natazama kutoka dirisha la chumbani, juu ghorofani, miguu ndani ya beseni la maji baridi. Shule sikwenda. Herufi nimezijulia kwenye ubao wa matokeo. Leo waniwekee godoro!

Jumanne, 9 Julai

Nimempelekea Hasbrouck pai ya peasi. Kala vipande vitatu, kalamba uma. Nikajua nimemshika. Akajipangusa mdomo, akasema ana zawadi: kiti cha bure uwanjani, popote nitakapo, mpaka nife.

Kiti! Na sufuria yangu jikoni itatazamwa na nani?

Vernice wa nyumba ya pili kanicheka. Kasema, shoga, chukua kiti ukakae na watu, acha ushamba. Eti mjini kwa mpwa wake kuna uwanja mpya, mviringo mzuri, hauna nguzo wala kilima, kila kiti unaona. Nikamwambia huo si uwanja, hilo ni bakuli. Kwetu Tuttle mchezaji wa kushoto anakimbilia mpira huku anapanda kilima. Wageni huanguka pale kila mwaka, na kila mwaka tunacheka upya. Na ile nguzo ya chuma mbele ya kiti cha marehemu Amos wangu! Alimwona mrushaji, mpigaji hakumwona kamwe. Ikabidi kila mara amuulize wa pembeni, vipi, kapiga? Nusu ya mji huu walizoeana naye kwa sababu ya nguzo. Kukaa na mimi dirishani alikataa. Alisema nitamtia maharage mapajani ayamenye.

Jumatano, 10 Julai

Nimepata! Hasbrouck lazima aone kwamba nyumba hii inaisaidia timu. Kesho tunacheza na Wachimbaji kutoka ng'ambo ya mto. Kamba yangu ya nguo iko juu, ukutani mwa nyumba, chini kidogo ya dirisha, nyuma kabisa ya mrushaji, ndiko mpigaji anakotazama. Mpira mweupe. Nikianika shuka nyeupe, mpigaji wao ataona nini? Hataona kitu. Tutashinda, na Hasbrouck atanibusu miguu.

Shuka zangu hazitoshi. Nimeazima mbili kwa Vernice. Kauliza za nini. Nikasema nazichemsha, naogopa kunguni. Kauliza kunguni wa nani. Hatusemeshani tangu saa tisa.

Alhamisi, 11 Julai

Wachimbaji watatu wa kwanza wametoka bila kugusa mpira. Nilipiga vigelegele! Kisha wakaja wetu kupiga. Nao wanasimama palepale! Wanatazama palepale! Vipi sikuliwaza hilo? Vernice, aliyekuja kulinda shuka zake, anasema yeye aliliwaza jana, ila tulikuwa hatusemeshani.

Zamu tano, hakuna aliyepiga kitu. Mmoja aliinama kuukwepa mpira uliokwisha kupita. Mwishowe refa, Bwana Gantt, yule mnene, akasimamisha mechi. Akatembea nyasi zote zile mpaka chini ya ukuta wangu.

"Mama, anua nguo."

"Hazijakauka!"

"Mama. Anua."

Uwanja mzima ukanipigia makofi. Nikapunga mkono.

Lakini balaa. Gantt akamwambia Hasbrouck mahali hapa panahitaji kitu cha rangi nzito, bango la godoro au chochote, ili wapigaji waone. Kisimamishwe kabla ya mechi ya Jumamosi. Jumatatu walikuwa wanafikiria tu! Nimejiziba dirisha kwa mkono wangu, tena kwa shuka za kuazima.

Ijumaa, 12 Julai

Nimelia kidogo. Nimekaanga kambare. Katikati ya kambare wa pili nikang'amua: Gantt anataka rangi nzito, hakusema lazima iwe mbao.

Nikatoa gereji turubai la kijani kilichokoza la Amos, la kufunikia gari. Nikalifunga kwenye kamba, likaning'inia mpaka chini. Juu yake, dirisha langu, wazi! Nikamfuata Gantt uwanjani na nusu ya kambare. Akaenda akasimama mahali pa mpigaji, akakodoa macho. Akamwita mrushaji arushe mmoja. Akasema anauona. Turubai linatosha, mradi nilifunge mwenyewe kila siku ya mechi. Kisha akaninyooshea kidole chenye mafuta ya samaki: kituko kimoja tu tena kutoka nyumba ile, bango linapanda siku hiyohiyo.

Nimeapa kwa kaburi la Amos.

Hasbrouck alinuna. Halafu akauliza kama pai imebaki.

Jumamosi, 13 Julai

Raha! Gantt kasema mbele ya makocha: mpira ukigusa turubai la Bi Odessa Tillery, vituo viwili. Jina langu! Vernice kaleta karanga, shuka hakuzitaja. Miguu majini. Mgeni mmoja kaanguka kilimani. Tumecheka mpaka karanga zikamwagika.

Nikachukua darubini ya Amos nimwone vizuri akijikung'uta. Ikaelekea kwa mdakaji wao. Kachuchumaa nyuma ya mpigaji wetu, anamwonyesha mrushaji vidole katikati ya magoti. Kimoja: ukaja mpira wa kasi. Viwili: ukapinda. Kimoja: kasi. Miaka yote hii, nami nilikuwa natazama mpira!

Baada ya mechi nimemwita Thaddeus, mpigaji wetu, pale ukutani. Nimemwambia kesho atazame dirisha langu. Nikivuta pazia la kushoto, kasi. La kulia, unapinda. Vernice kashika kichwa. Odessa, umeapa jana! Nikamwambia niliapa habari za kituko. Bibi kizee kufunga pazia, jua kali, hicho ni kituko?

Mapazia yote mawili nimeyafua, na vyuma vyake nimevipaka sabuni viteleze haraka.