Msiba Niliouzua Ili Nipige Simu Dar

Leo nimeumbuka, rafiki zangu, tena mchana kweupe, na bado sijuti!

Mnajua nina barua mbili za kukubaliwa kusomea shahada ya pili ya fizikia, moja ya Ulaya, moja ya Dar. Ulaya wangenipa swali lao nilifanyie kazi. Profesa wa Dar amekubali langu: joto la jua linafika kina gani ndani ya ziwa letu. Nitapima hapa hapa Mwanza, kwa mtumbwi. Alitaka jibu kwa simu leo, kabla ya saa sita.

Kikwazo ni mkuu wa shule. Fizikia nafundisha peke yangu, kwa hiyo ruhusa katikati ya wiki hatoi, labda ufiwe. Basi jana nikafiwa. (Bibi yangu wa Magu alishafariki zamani. Nimemuua mara ya pili, Mungu anisamehe.)

Saa tatu asubuhi niko ofisi ya simu mjini. Foleni imejaa wafanyabiashara wanaouzia Ulaya minofu ya samaki sangara, maana siku hizi wao na Ulaya ni majirani. Karani akaita kama yuko mnadani: "Mwalimu Kabula! Dar, kibanda namba mbili!"

Laini mbovu! Ikabidi nipige kelele.

"Ndiyo, Profesa! Nimechagua Dar! Hapana, Ulaya siendi! Siendi! Nina furaha sana!"

Nikatoka natabasamu. Ofisi nzima imenisikia. Mfanyabiashara mmoja akanitazama kuanzia viatuni. "Dada, hata sangara wetu wanakwenda Ulaya, wewe hutaki?"

"Sangara hawakuulizwa," nikamjibu.

Watu wakacheka. Nikajiona mjanja. (Kwa nusu dakika hivi.)

Kwenye benchi la mlangoni walikaa walimu wenzangu watatu, wamejifunga kanga za msibani, mfuko wa mchele miguuni. Nilisahau kabisa kwamba shuleni kwetu mfiwa haachwi peke yake! Walikuja kupiga simu Magu kuulizia saa ya mazishi. Na katikati yao, mkuu wa shule, ambaye bila saini yake siendi kusoma popote.

"Shikamoo, mkuu."

Hakuitikia. "Mwalimu Kabula, marehemu ni nani?"

Machozi yalikuwa karibu. Nikanyoosha shingo. "Ni safari ya Ulaya, mkuu. Nimeizika mwenyewe sasa hivi."

Walimu wakainamisha vichwa, mabega yakitikisika. Mkuu hakucheka.

"Nitasaini siku utakayoniletea mwalimu mwingine wa fizikia," akasema. "Na huo mchele utaurudisha shuleni wewe. Kichwani."

Nimeubeba. Wanafunzi wangu wamenipokea getini kwa huzuni, mmoja mmoja: "Pole na msiba, mwalimu." Nami nikaitikia, "Asante, nimeshapoa." Ningefanya nini?

Dar naenda, hilo halina mjadala. Chekeni mpaka mchoke, lakini mkimaliza nitafutieni mwalimu wa fizikia, maana bibi mwingine wa kumuua sina.